Mwisho ni Kenda

Papa,

Mimi ni Masika. Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya soko hapa Bwera, kati ya avokado na vitunguu, na nina hasira na wewe. Mtu mwingine angekufa akaacha namba. Wewe umekufa ukaacha fumbo.

Tulikuzika vizuri, padri alikuja, watu walijaa. Ila Mama hajui. Wiki ya nne sasa, mke wako hajui kama ni mjane. Alirudi Butembo, ng'ambo ya mpaka, kumuuguza bibi, simu yake ikapotea, na namba yake mpya uliiweka kwenye laini yako peke yake. Siku ya mazishi simu yako iliisha chaji ikazima. Nilipoiwasha ikaniuliza PIN, tarakimu nne.

Majirani wanasema matanga hayawezi kuondolewa kama mjane hajaambiwa. Kwa hiyo nakaa. Siwezi kufunga nyumba, siwezi kurudi kwenye kazi yangu ya kufundisha Kasese, siwezi hata kulia nikamaliza. Nilimtuma dereva wa lori akaulize Butembo. Alirudi akisema mtaa ule umehama, nyumba zimefungwa. Na laini uliiandikisha kwa jina la rafiki yako ambaye hata yeye hatujui alikohamia, basi hakuna wa kutufungulia. Mama anapiga, najua anapiga. Anakuta umezima. Ee Papa, anafikiri umemkasirikia!

Mara tatu tu, Papa. Ukikosea mara tatu inajifunga kabisa.

Unakumbuka nilivyokuuliza ile PIN pale hospitali? Hata hewa hukuwa nayo, lakini tabia yako ya kunifundisha haikukutoka. "Namba ukiitaja, mwizi anasikia. Fumbo, mwizi anachoka." Halafu ukanipa kwa Kiswahili chako cha Butembo, polepole: "Ya kwanza ni saba, na hakuna mwenye kumupita. Hakuna wenye kufanana. Gawa kwa ine. Gawa kwa tano. Mwisho ni..." Nikasikia: kwenda.

Mwisho ni kwenda. Nikakushika mkono nikapiga kelele, "Hapana enda, Papa! Hapana enda!" Ukatikisa kichwa. Ukarudia lile neno. Nami nikazidi kulia, ukafumba macho kama ulivyofanya zamani nikikosea hesabu. Hukusema tena.

Nimelibeba neno hilo wiki nne. Nilidhani ulikuwa unaniaga.

Fumbo lenyewe nililifanya ulivyonifundisha. Inagawanyika kwa tano, basi inaishia sifuri au tano. Kwa nne pia, basi tano haiwezekani, ni sifuri. "Kwa ine angalia mikia miwili tu, Masika, kichwa hakina kazi." Basi ya tatu ni mbili, nne au sita, nane ingempita saba. Nikaandika zote kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kumi na tano! Nikajaribu 7120 kwa kubahatisha. Ikakataa. Siku ya pili nikafunga macho, nikapiga ishara ya msalaba, 7340. Ikakataa. Imebaki mara moja. Tangu hapo niliivika simu soksi yako nikaiweka chini ya godoro, nikawa naiogopa kama nyoka.

Jana alikuja mama mmoja mgeni, ametoka upande wa Beni, mtoto mgongoni. Akaangalia avokado zangu akasema, "Unipatie avoka kenda."

Nikamuuliza, ngapi?

"Kenda! Munane na moja. Wewe haujue hesabu?"

Mimi, mwalimu wa hesabu! Niliketi chini kwenye maganda. Yule mama alidhani nimepatwa na kifafa. Papa, nilicheka na kulia pamoja, aibu tupu. Wewe ndiye uliyenifokea kila nilipotoka shule ya Kasese na "tisa" yangu: "Tisa ni ya shule. Kenda ni ya nyumbani." Pale njia panda ya Kikorongo, tukingoja gari, ulinisomesha namba za malori: jumlisha tarakimu, zikigawanyika kwa kenda, namba yote inagawanyika kwa kenda. Na mimi nilisahau neno la nyumbani siku ile ile niliyolihitaji.

Hukuwa unaniaga. Ulikuwa unanisahihisha.

Kenda haiwezi kuwa tarakimu ya mwisho, mwisho ni sifuri. Basi ni ya kugawia. Jumla ya kenda haipatikani bila kurudia tarakimu, basi lazima iwe kumi na nane. Saba ipo, mbili za katikati zilete kumi na moja bila kumpita saba wala kumrudia: tano na sita, na ya tatu ndiyo sita. Moja tu kati ya zile kumi na tano. 7560.

Ikafunguka, Papa. Namba ya Mama ipo. Umeiandika "Bibi ya Nyumba."

Sijapiga.

Nilifikiri fumbo ndilo lililonifunga. Kumbe lilikuwa linanificha. Nikipiga, ataona namba yako, atapokea kwa furaha, atasema, "Papa Masika, ulikuwa wapi?" Na mimi ndiye nitakayekuua mara ya pili, kwa sauti yangu.

Lakini hawezi kuendelea kukusubiri. Nakuahidi: nikiweka kalamu chini, napiga. Sitampa fumbo. Nitamwambia wazi, halafu nitanyamaza alie. Matanga tutayaondoa akifika, na wanafunzi wangu Kasese nitawafundisha kenda, watake wasitake.

Siku ile nilikukatalia. Nilikushika mkono nikakuambia hapana enda. Nauachia sasa.

Enda, Papa.

Masika wako