Kamera kubwa imemlaza rafiki yangu chini, sasa namkimbia

Mpendwa mshauri Mama Zuhra, msaada naomba, ila kwanza nikugombeze. Juzi ulimjibu kijana wa watu kwamba mzee akiogopa kitu kipya aachwe tu, atazoea mwenyewe. Nani kakudanganya? Wewe umewahi kumwona mtu mzima akiogopa, mwanangu, au unaandika kwa kuwa karatasi haina mdomo wa kukujibu? Usimwambie mtu tena maneno hayo. Na kwangu usiandike "jina limehifadhiwa". Mimi ni Asmahani, Mama Tunu, nina duka Kibondo mjini, shule niliachia darasa la pili, na sijawahi kumkimbia mtu mpaka mwezi huu.

Mimi ni mpiga picha tangu enzi za mkanda. Hako kadogo kangu ka dijitali, kanakoingia mfuko wa dera, nimekapigia harusi na ubatizo na maulidi kuanzia hapa mpaka Kasulu, unakanyoosha mbele, unatazama kioo cha nyuma, mtu anauona uso wako unacheka naye anacheka, basi, kazi imekwisha. Lakini kamezeeka, ndani ya kanisa kanatoa picha nyeusi kama chungu, ukiwasha flashi watu wanakuwa kama wamepakwa unga, na vijana wa simu wameanza, "Bibi, hako kakamera au kiberiti?" Nikasema sawa. Nikaenda Kasulu kwa Nurudini mwenye studio, nikachukua kubwa, ile ya lenzi ya kuzungusha, mtumba lakini nzima. Nurudini ananiambia, "Hii bibi ni ya wanaoanza." Nikamwambia, "Kuanza nini? Mimi nimempiga picha mama yako wewe ukiwa tumboni, tena hata humo ulikaa vibaya." Watu wakacheka. Nilirudi Kibondo nimeivaa shingoni, sikuitia mfukoni, nilitaka wanione.

Sasa nina rafiki, Esteri. Alikimbia vita Burundi kwa miguu na watoto, siku hizi ni raia, analima Kitahana, na kila siku ya soko kapu lake la maharage huliweka barazani kwangu kabla hajatafuta nafasi. Miaka yote hiyo sijamuuliza walipitaje huko, naye hajasema, tunaongea mambo ya chumvi na magoti yetu.

Siku alipobatizwa mjukuu wake mchanga ndiyo siku niliyoitoa ile kubwa mara ya kwanza. Esteri kakaa mkekani uani, mtoto mapajani, nami nikasimama mbele yake, nikaiweka jichoni kama Nurudini alivyonifundisha, nikafumba jicho la pili, nikazungusha lenzi mpaka uso wake ukaja karibu ukajaa kote, nikasema, "Esteri, cheka basi," nikabonyeza. Hiyo mashine ina mlio, mshauri. Kale kadogo kalikuwa kimya, hii ndani yake kuna kioo kinachoruka, inafanya kacha! Esteri akajitupa chini. Akamweka mtoto chini yake akamlalia, kichwa vumbini, vijana wakacheka wakidhani bibi kateleza, halafu kicheko kikaisha maana haamki. Mtoto akaanza kulia, kisha sauti ikakatika. Nikainama, nikamsikia Esteri anamwambia mtoto kwa Kirundi, polepole kabisa, "Ceceka, ceceka," yaani nyamaza, na kiganja chake kimemziba mtoto mdomo na pua. Kiha changu na Kirundi chake ni ndugu, nilielewa, natamani nisingeelewa. Felisiani mwanawe ndiye aliyeufungua ule mkono, kidole kimoja baada ya kingine. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Esteri akaketi, akanitazama, kamera sasa inaning'inia kifuani kwangu, akasema, "Kumbe ni wewe, Mama Tunu. Sikukuona." Neno hilo tu.

Nilipofika nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikaiweka kamera jichoni nione alichokiona yeye. Sikujiona. Palikuwa na kitu cheusi chenye jicho moja, na mikono ya mtu imekishika. Nikaishusha upesi, chumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe. Tangu hapo nimeifunga kwenye kanga, iko juu ya kabati, na nikipita nainamisha kichwa kana kwamba iko macho.

Siku ya soko Esteri akaja. Nilimwona kwa mbali na kapu lake, nikaingia stoo, nikachuchumaa nyuma ya magunia ya sukari. "Hodi Mama Tunu! Hodi!" Akaita tena. Nikazuia pumzi. Nikasikia anatua kapu, anaketi, anakohoa, anangoja, halafu analibeba anakwenda. Baadaye akamtuma mtu aniulize mbona siendi kwake, nikasema mguu. Mguu wangu hauna kitu. Naogopa nikisimama mbele yake hataniona mimi, atamwona yule aliyemlenga bunduki huko kwao, na anayemrudisha huyo mtu ni mimi.

Na sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi Uwimana, mjukuu wake mkubwa, anaolewa, mpiga picha ni mimi. Kaja dukani, "Bibi, uje na ile kubwa, nataka mimi nionekane vizuri na nyuma kuwe na ukungu, kama harusi za Dar." Nikamuuliza, "Na bibi yako?" Akasema, "Tumeshapanga. Wakati wa picha tunamweka chumba cha nyuma, tunafunga mlango, asije akashtuka akatuaibisha mbele ya wakwe." Nikamwangalia tu. Mimi ninayemsema hata mwenyekiti wa mtaa nilikosa neno. Niende na kubwa, Esteri afungiwe? Niende na ndogo, bibi harusi anichukie na vijana waseme bibi kaogopa mashine? Niirudishe kwa Nurudini, Kasulu nzima inicheke? Nijibu upesi, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Asmahani, Kibondo


MAMA ZUHRA ANAJIBU

Shikamoo, Bibi Asmahani. Umenigombeza, nimepokea, yule kijana nilimjibu kwa haraka. Jina lako nimeliacha kama ulivyoamrisha, ya wenzako nimeyabadilisha. Sasa ni zamu yangu.

Barua yote hii, na swali lako ni kamera ipi! Siku ile hukujua, na usichokijua hukukifanya kwa ubaya. Vita hukupigana wewe, huo mzigo utue. Lakini yaliyofuata ni yako. Mwenzio kakaa barazani kwako anangoja, wewe uko nyuma ya magunia umezuia pumzi, mtu mzima! Unasema akikutazama atamwona adui. Bibi, adui hapigiwi hodi mara mbili. Alikuja kukutafuta, akakuta duka liko wazi na mwenyewe hayupo. Unadhani alirudi Kitahana akiwaza nini njia nzima? Kwamba Mama Tunu naye ni miongoni mwa waliocheka. Hofu yake umeiongezea upweke, kisha ukasingizia mguu.

Na huo mpango wa chumba cha nyuma umenitia baridi kuliko mengine yote. Mwanamke aliyewahi kumziba mtoto mdomo ili wasisikike, leo mnamtia chumbani, mnafunga mlango, na nje kacha, kacha, kacha mchana kutwa? Mlidhani humo ndani atakuwa anakula pilau? Pale mkekani alikuwa uani, kwenye mwanga, na watu wake pembeni, bado ikawa vile. Uwimana simlaumu sana, ni binti, hakuna aliyemweleza kitu, anaona bibi anayeaibisha. Wewe ulimsikia Esteri kwa masikio yako. Ulijua, ukamtazama tu binti wa watu. Huo mdomo unaoutumia kumsema mwenyekiti uliuazima wapi, na siku ile uliurudisha kwa nani?

Kamera usiirudishe. Nimemuuliza mtu wa kazi hiyo, ameniambia nyingi za aina yako zina mahali pa kuwasha, picha ikaonekana kwenye kioo cha nyuma, ukaishika mbali na uso na mtu akakuona. Mpelekee Nurudini akuonyeshe, nawe unyamaze akikufundisha. Kwa mashine hii, utake usitake, unaanza. Mlio utabaki. Kwa hiyo Esteri ausikie kwanza mikononi mwake mwenyewe: mpe aishike, akutazame wewe kwa lile tundu, abonyeze yeye mpaka achoke. Akikataa kuigusa, usimbembeleze wala usimtanie. Basi kubwa iwe ya bibi harusi akiwa mbali, popote alipo Esteri utumie ndogo, na hata ndogo asipoitaka, usimpige. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa kukosa ukungu.

Mwulize Felisiani pia kama mama yake analala. Akisema anashtuka kila kitu kikianguka, ampeleke hospitali aonwe. Hofu ya namna hiyo ina watu wanaoijua, si wazimu na si uchawi, na asikubali mtu amwambie mama yake ajikaze.

Usingoje Jumamosi hiyo. Funga duka leo, uende Kitahana mikono mitupu, kamera iache nyumbani kwa siku moja. Mwambie Esteri ulikuwa stoo, na umwambie uliogopa nini. Akinyamaza, kaa naye hivyo hivyo. Ukitoka hapo mwite Uwimana na mama yake, uwaambie bibi yao anakaa kiti cha mbele, penye mwanga, na anayeona haya amwambie mpiga picha ana kwa ana. Kisha nyoosha mkono, udai ufunguo wa kile chumba cha nyuma, na uondoke nao.