Udi Mdogo wa Laudomia

Mantova, 28 Oktoba 1586

Baba mpendwa,

Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo mgonjwa. Bibi ninayemtumikia ametuchagua mimi na wenzangu Ginevra na Polissena tuwapigie udi wageni wake sikukuu ya Mtakatifu Martino. Lakini udi wangu ni mdogo, sauti yake iko juu ya zao. Karatasi zetu huandikwa namba za mahali pa kuweka vidole. Nikifuata namba zilezile, wao wako sebuleni, mimi niko darini. Polissena kasema mbele ya watu, "Huyu kaja na udi wa mwanasesere!" Nimelegeza nyuzi, sasa zinakoroma.

Nikiharibu, Bibi ananirudisha Padova, na najua utaniozesha Bortolo wa mapipa. Baba, nitumie udi mkubwa.

Mwanao, Laudomia

Padova, 2 Novemba

Mwanangu,

Mgongo upo palepale. Umelegeza nyuzi? Kweli wewe nimekulea mimi? Zikaze upesi! Udi mkubwa sina. Huo niliutengeneza kwa mabaki ya mbao za wateja, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Lakini sauti yake naijua.

Sikiliza. Kila namba irudishe nyuma hatua mbili, tano ipige tatu. Pasipo na pa kurudi, hamia uzi mnene wa jirani. Usiandike upya karatasi, fanya kichwani.

Bortolo nimemwahidi jibu baada ya sikukuu. Keshaleta bata bukini. Nimemla, sikufichi.

Babako, Taddeo

Mantova, 12 Novemba

Baba!

Hujambo? Mgongo haujambo? Haya, salamu zimetosha.

Siku zote hizi nimehesabu kichwani, hata nikinywa supu nahesabu. Jana kwenye sikukuu tumekaa kuizunguka meza, tayari kuanza, mgeni mmoja akatoa karatasi mfukoni. "Nipigieni hii." Hatujawahi kuiona! Mstari wa pili Polissena akapotea, Ginevra akamfuata. Mimi nimezoea kusoma namba moja na kupiga nyingine, sikutishika. Nikaendelea peke yangu, nikawaambia, "Mstari wa nne, ingieni!" Wakaingia. Udi wangu ukasikika juu yao, safi, hadi mlangoni. Wageni wakapiga meza, tukarudia mara tatu.

Polissena kaninong'oneza, "Mwanasesere wako ana mapafu!" Bibi kasema nabaki. Mgeni akauliza fundi ni nani. Nikakutaja kwa sauti, jina lako lote.

Mwanao, Laudomia

Padova, 20 Novemba

Mwanangu,

Mgongo usiuulize leo. Kaja mtumishi wa yule mgeni, bwana wake anataka udi mdogo kama wako. Nimemwambia kwa mabaki sitengenezi tena, huo wake nauchagulia mbao nzuri kuliko zote nilizo nazo.

Barua yako nimewasomea mafundi wote, kisha muuza mikate, kisha Bortolo mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo harudi."

Sasa anadai bata wake.

Nimelia, Laudomia, mbele ya mafundi wangu, na sikuona haya. Nyuzi zako usizilegeze tena.

Babako, fundi wa udi wako