Nitashuhudiaje Video ya Mkamwana Nisiyemtazama?

Mheshimiwa Mshauri Bi. Suad,

Nakuandikia nikiwa nimevua kofia, nikiomba radhi kwanza kwa urefu wa barua hii, pili kwa mwandiko wangu, na tatu kwa kukuchosha na jambo ambalo mzee wa miaka sabini na minne, aliyesomeshwa na wamisionari na kuaminiwa kuwa mzee wa kanisa, alipaswa kulimaliza mwenyewe nyumbani kwake Masoko.

Mkamwana wangu Sekela, mke wa mwanangu Lugano, anasomea kilimo chuo kikuu, na mwaka huu chuo hicho kimeagiza kwamba wanafunzi wa idara zote, bila kubagua, wawe na potifolio ya kielektroniki, ambayo nimeelezwa kuwa ni mkoba usioshikika, unaokaa ndani ya mtandao, na mwanafunzi hutia humo kazi zake, picha, video na maneno ya watu waliomwona akifanya kazi, na asiyeukamilisha kufikia tarehe thelathini hatahitimu. Sekela ametia humo video ya mwaka jana, ya dakika kumi na mbili, akikifundisha kikundi chetu cha wakulima namna ya kupunguza machipukizi ya migomba, na shahidi anayetakiwa kuithibitisha ni mwenyekiti wa kikundi, na mwenyekiti, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Tatizo ni kwamba sijawahi kumtazama Sekela. Kwetu Wanyakyusa, sisi tulio wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemezani, na naomba wasomaji wasidhani ni chuki, kwa maana ni heshima kubwa. Kwa miaka minne nimekuwa nikikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, naye akinisikia huingia migombani hadi nipite, na salamu zetu alizipeleka marehemu mke wangu, na tangu alipofariki huzipeleka Lugano, ambaye husahau nusu. Hata siku ya somo lenyewe nilihudhuria nikiwa nimekaa nyuma ya ghala, nikasikia kila neno, nikapunguza machipukizi yangu kama alivyoelekeza, na sasa migomba yangu inazaa mikungu ambayo majirani huja kuipiga picha.

Basi nilikwenda Tukuyu katika duka la Nurdin, anayechapa barua na kutoa nakala, akanifungulia mkoba huo katika kompyuta, nami nikageuza kiti nikaukabili ukuta.

"Mzee wangu, mbona unaangalia kalenda?" akauliza.

"Naitazama video."

"Video iko huku."

"Ndiyo maana mimi niko huku."

Tukaisikiliza hadi mwisho, na kwa masikio nilikuwa tayari kumpa alama zote, lakini fomu ikauliza kama nimeitazama video yote, ndiyo au hapana, kisha ikataka nipime, kwa namba kuanzia moja hadi tano, jinsi mwanafunzi anavyotumia mikono na anavyowatazama wasikilizaji wake. Nikamwomba Nurdin aandike "heshima hainiruhusu", mashine ikakataa, ikadai namba.

"Basi nikusimulie," Nurdin akasema. "Kashika panga, anatabasamu, ana—"

"Nurdin! Ukinisimulia uso wake nitakuwa nimeuona!"

"Mikono je?"

"Mikono simulia. Ila ishia kwenye viganja."

Halafu fomu ikataka shahidi naye apigwe picha ili atambulike, picha ambayo Sekela angeiona, kwa hiyo nikapigwa kisogoni, na mashine ikajibu kwamba hakuna mtu mbele ya kamera. Naungama kwamba kwa mshtuko niligeuka, nikaona kiwiko kwenye video iliyobaki wazi katika kompyuta. Sina hakika kama kilikuwa cha Sekela au cha Andongwisye, katibu wetu, aliyesimama karibu naye, lakini tangu siku hiyo sijapata raha.

Nikijibu "ndiyo" nimesema uongo. Nikitazama nimevunja heshima. Nikinyamaza, binti aliyesoma miaka mitatu anakosa shahada kwa sababu ya macho ya mzee. Nifanyeje? Niwie radhi tena kwa usumbufu.

Wako mtiifu,
Ambindwile, Masoko, Rungwe

*

Shikamoo, Mzee Ambindwile.

Radhi zako zote nimezipokea, hata zile ambazo hukuwa na sababu ya kuziomba. Kiwiko kisahau. Kwa maelezo yako mwenyewe huenda ni cha Andongwisye, na huyo unaruhusiwa kumtazama kutwa nzima.

Sasa, kwa adabu zote, niruhusu nikugombeze. Huyo Andongwisye umemtaja mara moja tu, tena kwa ajili ya kiwiko. Ni katibu wa kikundi. Alikuwepo. Ana macho mawili, na Sekela si mkamwana wake. Mwenyekiti akiwa na udhuru, katibu hushika nafasi yake, na wewe uliyeongoza vikao unalijua hilo kuliko mimi. Mbona hukumwita?

Nimeisoma barua yako mara tatu, na jibu nimeliona kwenye ile mikungu. Ulitaka kumsifu mwenyewe. Unakula matunda ya elimu ya binti huyu na hujapata njia ya kumwambia asante. Mama aliyezibeba salamu hayupo, na Lugano, uniwie radhi, si wa kutumwa. Ukaiona fomu hii ndiyo nafasi yako, ukaing'ang'ania hadi ukaipa kompyuta kisogo. Nakuonea huruma, Mzee wangu, lakini unachezea shahada ya mtu.

Leo hii Lugano ampigie simu msimamizi wa mkewe chuoni, umsimamie mpaka amalize, aombe shahidi abadilishwe awe katibu, kwa udhuru wa ukwe. Asione haya kulitaja. Watu wa chuo nao wana wakwe. Kisha Andongwisye aende kwa Nurdin, aitazame video yote, ajaze namba zote. Usimfuate dukani kumsahihisha.

Wewe una kazi nyingine. Mkoba wa namna hiyo hupokea pia sauti. Muulize msimamizi wapi yanawekwa maoni ya wanajamii, urekodi dakika tatu, simu ikiwa juu ya meza, bila picha ya mtu yeyote. Usimsemeze Sekela, sema na chuo. Yeye atasikiliza tu, na kusikiliza hakujakatazwa, kwani wewe mwenyewe ulisikiliza somo zima nyuma ya ghala. Eleza ulichofundishwa. Eleza mgomba ulikuwaje kabla na ukoje sasa, na mkungu mkubwa una vichana vingapi. Halafu sema wazi kwamba nyumba yako imepata mtaalamu na unajivunia. Sema hivyo hivyo, usipunguze.

Na umkumbushe Andongwisye avae shati lenye kola. Fomu itampiga picha, na sura hiyo itakaa kwenye mkoba wa Sekela miaka mingi.