Ukungu Nyuma ya Kitanda cha Zuhura

Jumatano. Mvua imekatika tangu jana na jua la leo lachoma, lakini ukuta wangu haujapata habari. Umeloa.

Ukungu umerudi, shajara yangu. Pale pale nyuma ya kitanda cha mwanangu Zuhura, mweusi, na harufu yake ya nguo zilizosahauliwa ndooni. Mwezi uliopita Athumani, mwenye nyumba, alikuja mwenyewe na mkebe wa rangi akaupaka juu kwa juu. Sasa umetoboa rangi. Zuhura ana pumu. Wiki hii hakwenda shule wala chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, kifua chamlia kama mlango mbovu.

Athumani asema kosa ni langu.

"Mama Zuhura, wapika sana na dirisha hufungui. Huo ni mvuke wako."

"Dirisha latazama barazani kwa wanaume, Bwana Athumani. Nifungue wanione bila buibui?"

Akacheka. "Basi punguza biriani."

Biriani gani! Sisi ni watu wa wali na mchicha.

Hata hivyo nikatundika pazia zito, nikaliacha dirisha wazi kutwa. Langu nimelifanya. Ukuta ukazidi kuloa, tena kuanzia juu kushuka chini. Nilipomleta fundi akataka kupanda ghorofani akague, Athumani akamkata maneno: "Juu hakuna maji, juu akaa mamangu tu."

Mbona alijibu upesi hivyo? Na mbona kila nikitandika mswala nasikia maji juu ya kichwa changu?

Astaghfirullah. Najua kumdhania mtu vibaya ni dhambi. Lakini dhana hii imekataa kunitoka.

Leo nimebeba sahani ya mahamri, nikapanda kumjulia hali Bi Rukia, mamake. Nakwambia wewe tu: sikwenda kwa ajili ya mahamri.

Nilimkuta ameketi kigodani, pembeni mwa chumba, birika mkononi, beseni miguuni. Magoti hayamfikishi tena bafuni, basi hutawadha hapo hapo. Mkono wamtetemeka. Maji mengine yaingia beseni, mengine yaenda sakafuni, kwenye ufa kando ya ukuta. Nikapima kwa macho. Chini ya ufa ule ndipo alalapo Zuhura.

Kabla sijafungua kinywa, akanitazama kwa haya.

"Wayasikia, mwanangu? Athumani kanambia nimimine polepole, usisikie."

Kumbe ajua.

Hata siku ile ya mkebe wa rangi alijua.

"Usimwambie nimekwambia," akasema Bi Rukia. "Asema ukilalamika atanihamisha, anipeleke Likoni kwa dadake. Nami nyumba hii nililetwa bibi harusi."

Nilimshika mkono. Nimkataze mtu mzima kutawadha? Na kifua cha mwanangu je?

Tangu alasiri nawaza. Pengine hata hiyo Likoni ni ya kumtisha tu anyamaze, kama mvuke wa biriani ulivyokuwa wa kuninyamazisha mimi. Ufa ungezibwa, mamake akatiliwa bomba na mahali pa kutawadhia hapo hapo chumbani. Hiyo si kazi ya kumtoa mtu nyumbani kwake. Amwogopa nani? Au ni ubahili, aufichao nyuma ya mamake?

Sijui. Simwamini tena, Mungu anisamehe.

Kesho nitamfuata dukani kwake, upande wa Ngome, kabla wateja hawajamjaa. Kupangusa na kufungua dirisha ni juu yangu, sikatai. Maji yaliyo ndani ya ukuta ni juu yake. Fundi atapanda, nami nitasimama naye. Bi Rukia sitamtaja. Akiniuliza nani kanambia, nitamjibu: ukuta.

Magharibi yaadhiniwa. Natandika mswala, na huko juu maji yamiminwa polepole, polepole, nisisikie.