Kikombe cha Nyanya Apendi

Feli, uko? Nisikilize.

Leo nilikuwa nagawa dawa za kichocho nyumba kwa nyumba hapa Mwello. Kwa sababu ya korona nimevaa barakoa, nimebeba sabuni, watu nawasimamisha mbali mbali. Yaani nilikuwa najisifu!

Nikafika kwa nyanya Apendi. Nikampa vidonge na kikombe cha maji. Kikombe hakukishika.

Akaniuliza, "Hiki, wengine wamekinywea?"

Nikamwambia nimekipangusa vizuri na leso. Feli, yule mzee alilia!

Akasema mwaka wa sitini na nane, mafua yale makali yalipoingia, yeye ndiye alikuwa ananywesha watoto kwinini pale kanisani. Kikombe kimoja. Mtoto akimaliza, yeye anakipangusa na leso, anampa anayefuata. Wiki mbili baadaye wakaanza kuzika.

"Dawa ilikuwa nzuri," akasema. "Mkono ulikuwa wangu."

Mkono ulikuwa wangu, Feli! Bado namsikia.

Kwake ilikuwa nyumba ya kumi na mbili. Nilianzia kwa Ofumbi, na mtoto wake, aliyekinywea kikombe hicho hicho wa kwanza, alikuwa anakohoa.