Pini Ambayo Haikuwepo

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu utuache, na pini zako bado zimechomekwa kwenye pazia la chumba cha kushonea. Mama hataki ziguswe.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Pini, maana hakuna aliyewahi kukuona kazini bila pini midomoni. Ulizungumza nazo, ukacheka nazo. Mteja akivuta tumbo ndani ukimpima, ulimnong'oneza, "Pumua, dada. Gauni utalivaa wewe, si mimi." Sare za watoto wa jirani ulizishusha pindo bure, ukisingizia kwamba uzi umebaki.

Kwa hiyo chakula kilipoanza kukukwama kifuani, sote tulijua sababu: umemeza pini. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema hivyo kwanza. Si ndiyo nyumba hii ambamo binti yako wa kwanza alimeza kifungo cha koti utotoni, kikatoka salama, ukambandika jina la Kifungo mpaka leo?

"Kitashuka chenyewe," ulisema.

Ikawa tonge, maji, tonge, maji. Ukaacha nyama, kisha mkate, kisha wali. Suruali zako ukazipunguza kiuno mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ulipokubali kwenda hospitali, hapakuonekana pini yoyote. Kilichoonekana ni uvimbe kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, nayo ilikuwa karibu kuziba kabisa.

Leo tunataka kukusimulia hofu iliyotuingia mwaka huu. Kifungo ndiye anayekalia kiti chako sasa, na tabia ya kushika pini midomoni aliirithi pia. Mchana mmoja tukiwa mezani aliweka kijiko chini, akajibonyeza kifua, akavuta glasi ya maji. Mama akamkazia macho.

"Nini?"

"Hamna kitu, Mama. Kipande cha mkate tu. Kitashuka chenyewe."

Hakuna aliyeendelea kula. Mama alisimama. "Maneno hayo tulimzika nayo baba yako," alisema. "Vaa viatu, twende."

Kumbe Kifungo alikuwa ameogopa siku nyingi. Alikuwa akijifungia na futi yako, akipima kiuno chake, akiomba kisipungue. Aliogopa kuuliza, kwa sababu aliyeuliza angejibiwa.

Hospitalini walimlaza ubavu, wakapitisha mpira wenye kamera kooni. Sisi tulikaa nje kwenye benchi. Kisha wakatuambia wamekata kinyama kidogo cha kupima, tusubiri majibu. Baba, kusubiri huko kulitumaliza. Kila akimeza mate, macho yetu yote yalikuwa kwenye koo lake, mpaka akaanza kula akiwa ametugeuzia mgongo.

Majibu yalipotoka, daktari alisema si kile kilichokuchukua. Ni kovu. Asidi ya tumbo imekuwa ikipanda kwa miaka, ikamchoma na kuubana umio, na kile kiungulia alichokuwa akikidharau ndicho kilichokuwa kikimwonya. Watautanua, atameza dawa, atakula kidogo kidogo akiwa ameketi wima, hatalala akiwa ameshiba, na kitanda chake kiinuliwe upande wa kichwa. Halafu akamwambia, "Umefanya vizuri kuja mapema."

Mama alilia palepale. Wewe hukuambiwa hivyo.

Bado tunaogopa. Ametakiwa kurudi kuangaliwa tena, na tarehe ikikaribia nyumba inakosa raha. Ila pini sasa anazichomeka kwenye kijimto alichojifunga mkononi, na chakula kikimsumbua anasema, kwa sauti, mbele yetu sote.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako, wadogo zake Kifungo, wajukuu, wateja uliowaambia wapumue, na Kifungo mwenyewe, ambaye siku hizi anatafuna taratibu mpaka vyombo vinaoshwa yeye yuko mezani. Hatumharakishi. Tunakaa naye.

Daima utakumbukwa, Baba, kila tonge lake linaposhuka.