Kiti cha Abiria cha Mzee Merle

Shoga, ngoja nikusimulie. Natoka kwa yule Merle wa Toledo anayeuza lile gari lake la zamani, Buick Riviera ya mwaka sabini na tatu. Sinunui, hata anipe bure. Mwanaume yule hana haya hata chembe!

Gari lenyewe kama limetoka kiwandani jana, maili elfu tisa tu. Kanivulisha viatu kabla sijashika usukani. Viatu, Rochelle! Halafu kifua mbele ananiambia, "Kiti cha abiria hakijawahi kukaliwa na mtu."

HAKIJAWAHI KUKALIWA. Na mkewe kasimama pale pale!

Bi Nadine akasema taratibu, "Hata uchungu uliponishika, jirani ndiye aliyenipeleka hospitali kwa pikapu yake."

Unajua Merle alijibu nini? "Ungechafua mahameli ya kiti." Mahameli, shoga! Bila kupepesa macho!

Mama wa watu akafungua mlango, akaketi kwenye kiti hicho hicho, akafunga mkanda. "Washa, binti. Twende."

Ufunguo nilikuwa nao mimi, tena nimeshakaa kwenye usukani. Ningefanyaje? Nikakanyaga mafuta pekupeku, Merle anatukimbiza barabarani akipiga kelele, "Nadine, kiti! Nadine, kiti!"

Tukaenda mpaka mtoni. Bi Nadine akapapasa yale mahameli, akashusha kioo, akageuzia uso nje, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Miaka yote hii nilidhani nimenyimwa kitu," akasema. "Kumbe ni gari tu. Nirudishe, mwanangu, nimeacha keki kwenye oveni."